Usiniguse Nikilala

"Halo? Nani huyo?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke.

Scovia aliitoa simu sikioni akalitazama jina kwenye kioo. Baba Lillian. Namba hakuikosea. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani, sindano ikabaki imechoma shati la shule la mtoto wa watu.

"Wewe ndiye nani?" aliuliza. "Hii ni simu ya mume wangu."

"Ah, mama. Bwana iko analala."

"Analala! Saa nne ya asubuhi? Analala wapi?"

"Hapa kwangu. Akiamuka, nitamuambia ulipiga."

Simu ikakatika.

Soko la Arua lilikuwa limechangamka asubuhi hiyo, huku wanaita viazi, kule wanaita samaki, lakini Scovia alisikia maneno mawili tu yakimzunguka kichwani. Kwangu. Analala.

"Nimesikia," alisema Ruqaiya, mshonaji wa cherehani ya jirani. Mama huyu wa Kinubi alikuwa mwema, ila masikio yake hayakujua mipaka. "Simu yako inapiga kelele kama spika za harusi. Huyo mwanamke ni Mkongo. Nimemjua kwa huo mdomo wake."

"Ruqaiya, niache."

"Nikuache? Miezi minne mume hajalala nyumbani. Ulisema ana kazi Koboko. Kumbe kazi yenyewe ni kulala! Mama Lillian, hiyo kazi hata mume wangu angeiweza, tena bila mafunzo ya jeshi."

Scovia hakucheka. Alijifunga vizuri kitambaa chake shingoni. Januari ile jua lilikuwa kali mpaka mbwa walilala chini ya meza za nyanya, na yeye alikuwa amejifunga kitambaa kama mtu wa baridi. Ruqaiya alikuwa hajamuuliza kwa nini. Hilo ndilo jambo pekee alilokuwa hajauliza.

Alifungua ujumbe wa mwisho kutoka kwa mumewe, wa wiki tatu nyuma. Alikuwa ameusoma mpaka ukachakaa machoni.

"Kitendawili. Nyumba hii haiogopi mwizi, lakini mwenyewe anataka ifungwe kwa nje. Ukishindwa nipe mji."

Ndivyo walivyopendana hao wawili, kwa vitendawili. Yeye binti wa Kilugbara wa Adumi, mume Mkakwa wa Lurujo, na lugha waliyokutana nayo katikati ilikuwa Kiswahili cha kambini. Kaka yake Scovia, Afedra, ndiye aliyemleta nyumbani siku ya kwanza: kijana mrefu, magwanda yamenyooka, kimya kama kiti. Afedra akamsukuma ubavuni, "Sema kitu, bwana, dada yangu haumi." Kijana akababaika, akasema, "Kitendawili." Scovia akashindwa makusudi, akampa Arua nzima.

Halafu wanaume hao wawili wakapelekwa Somalia, akarudi mmoja. Afedra alirudi ndani ya sanduku ambalo familia ilikatazwa kulifungua. Aliyebaki alimaliza muda wake, akarudi na begi, na miguu yote, na mikono yote. Watu wa Adumi walimtazama mikono na miguu wakasema, huyu mzima.

Scovia ndiye aliyejua kuwa si mzima. Alijua tangu asubuhi aliyoamka vidole vya mumewe vikiwa shingoni mwake, macho ya mtu yako wazi na hayamwoni. Aliponyoosha mkono amguse shavu, vidole vilikaza zaidi, kucha zikamchana ngozi na kuacha makovu. Kilichomwokoa ni mtoto wao Lillian, aliyelia chumba cha pili. Siku ile ile mume alifunga begi. "Nimepata kazi ya kulinda mbao Koboko," alisema, akitazama mlango. Hakuaga kwa mkono.

Simu ikalia tena. Safari hii ilikuwa baba yake mdogo, Asiku, aliyemlea yeye na Afedra tangu baba yao alipofariki.

"Mwanangu. Tumekaa kikao huku Adumi."

"Kikao cha nini, baba mdogo?"

"Usinifanye mtoto. Mume amekuacha miezi minne na watu wanajua. Jumamosi tunakwenda Lurujo kwa baba yake. Utaingia jikoni kwa mama mkwe wako, utachukua mwiko wako uliokwenda nao siku ya ndoa, utatoka nao nje mbele ya watu. Yamekwisha. Unarudi nyumbani."

"Baba mdogo, nipe kwanza..."

"Kijana yule alichukua watoto wangu wawili. Mmoja amenirudishia ndani ya sanduku. Huyu wa pili nitamfuata mwenyewe angali na miguu."

Scovia aliukata uzi wa lile shati kwa meno. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Ruqaiya, nishonee hizi kola mbili."

"Unakwenda wapi?"

"Koboko. Kama nitabeba mwiko Jumamosi, nataka niwe nimemwona kwa macho huyo mwanamke."

"Vaa viatu vya chini," Ruqaiya alisema. "Vya kisigino vinasumbua wakati wa kupigana."

* * *

Koboko mtu akimtafuta mwanamke wa Kikongo mwenye mbao, haulizi mara mbili. "Kwa Rosine? Fuata barabara ya mpakani, utasikia msumeno."

Alimkuta amekaa juu ya rundo la mbao, anakula muhogo wa kuchoma. Mwanamke mnene, wa makamo, uso mchangamfu. Scovia alikuwa amejiandaa kumkuta msichana mwenye kucha nyekundu. Akajikuta hana pa kuanzia.

"Wewe ndiye Rosine?"

"Ni mimi. Na wewe ni mama ya simu." Rosine alijipangusa mikono kwenye kitenge. "Karibu, kaa. Unakula muhogo?"

"Sikuja kula! Mume wangu yuko wapi?"

"Iko analala, nilikuambia. Usiku analinda hizi mbao, mchana analala."

"Chumbani kwako."

Rosine alimtazama, halafu akacheka kicheko kikubwa mpaka mafundi wa msumeno wakageuka. "Dany! Sikia! Mama anasema mimi nimemuiba soja!" Fundi mmoja akajibu, "Mwambie akuchukue na wewe, tupumzike!" Walipocheka wote, Scovia aliona machozi yanamjia, na Rosine akayaona. Kicheko kikamwisha.

"Kuja," alisema kwa sauti nyingine.

Nyuma ya kiwanja palikuwa na stoo ya matofali, haina dirisha, ina mlango wa chuma. Kwenye mlango ilining'inia kufuli kubwa. Ilikuwa imefungwa. Kwa nje.

"Umemfungia mume wangu kama mbuzi?"

"Njo yeye mwenyewe aliniomba, dada. Kila asubuhi anaingia, ananipa funguo na simu. Anasema, 'Rosine, funga, na usifungue mpaka niitike jina langu.' Mimi nilikataa. Nikasema mutu si mbuzi. Akasema, basi nitakwenda kulala msituni. Nikafunga."

Nyumba hii haiogopi mwizi, lakini mwenyewe anataka ifungwe kwa nje. Wiki tatu nzima Scovia alikuwa amewaza jeneza, amewaza kobe, amewaza mzinga wa nyuki.

"Nipe funguo."

"Ngoja nimuite kwanza. Ule mutu haguswi, dada. Unasimama mbali, unamuita..."

"Nipe funguo ya mume wangu!"

Alimpokonya. Kufuli ikafunguka, mlango ukalia, mwanga ukaingia mpaka kwenye mkeka.

Alikuwa amelala ubavu, magoti kifuani, amekonda. Buti ziko miguuni. Scovia aliangalia zile mbavu zikipanda na kushuka, na hasira yote aliyotoka nayo Arua ikamdondoka. Angemwamshaje? Bibi yake wa Adumi alimfundisha tangu hajaota meno ya ukubwani: jina la mume halipiti mdomoni mwa mke. Mke akilitaja, amemvua nguo mbele ya watu. Miaka minane ya ndoa hakuwahi kulitamka, hata moyoni. Kumpigia kelele mtu aliyelala ni utovu wa adabu. Kwa hiyo alifanya kama alivyofundishwa. Alipiga magoti taratibu, akaweka kiganja juu ya bega lake.

"Baba Lill..."

Neno halikuisha. Mgongo wake uligonga sakafu, goti likamkaa kifuani, vidole vikaijua njia yao ya zamani. Macho yale yale. Yako wazi, hayamwoni. Scovia alimpapasa kifua, akamshika mikono, na kila alipogusa, vidole vilikaza. Mwanga wa mlangoni ukaanza kuwa mdogo, mdogo kama tundu la sindano.

"SAJINI ALIGA!" Rosine alikuwa amesimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Sajini Aliga! Amuka! Uko Koboko! Uko kwa Rosine wa mbao! Sajini Aliga!"

Vidole vikalegea. Kimoja, halafu vyote. Mwanaume alitazama chini, akaona ni nani.

Sauti aliyoitoa haikuwa kilio cha mtu mzima. Alirudi nyuma kwa matako mpaka mgongo ukagonga ukuta, mikono akaificha makwapani.

"Kwa nini umekuja? Mama Lillian, kwa nini umekuja?"

Scovia alikohoa, akajaribu kuongea, akakohoa tena.

"Kwa nini hukuniita?" alisema mumewe. "Ungeniita tu!"

"Nikuite nani?" sauti ilimtoka kama mchanga. "Nilitaje jina lako? Nani amenifundisha kulitaja?"

Akasogea. Naye akazidi kujibana ukutani.

"Usiniguse."

"Baba Lillian, sijaja kwa ugomvi."

"Nenda. Baba ameniambia wazee wenu wanakuja Jumamosi. Waje. Nitakuwa Lurujo, nitawaambia wakuchukue. Wewe na mtoto. Mimi siyo mtu wa kulala na watu nyumba moja."

"Unanifukuza?"

"Nakuhesabu miongoni mwa walio hai, Mama Lillian. Nataka ubaki humo." Akageuza uso ukutani. "Rosine, funga."

Rosine alimshika Scovia mkono, akamtoa, akafunga. Walikaa juu ya mbao, na mafundi safari hii hawakutania mtu. Scovia alipewa maji, akanywa kwa shida.

"Dada," Rosine alisema mwisho, "kuna jina analiita akilala. Kila siku moja tu. Mimi nilifikiri ni mutoto yake. Anasema, 'Nimeamka, Afedra. Nimeamka.' Afedra ni nani?"

Scovia alikiweka kikombe pembeni ya mbao bila kuangalia, maji yakamwagikia miguu.

* * *

Jumamosi saa tano, nyumbani kwa mzee Celestino kule Lurujo, viti vilipangwa pande mbili. Upande huu Wakakwa, wenyeji. Upande ule watu wa Adumi, Asiku mbele yao na kofia gotini. Chai ililetwa, haikunywewa. Ng'ambo ya kijito majirani walikuwa wanachoma nyasi za shamba, kama kila kiangazi, na majivu meusi yalidondokea vikombe.

Aliga alikaa kwenye kigoda, peke yake, katikati. Amenyoa. Mikono ipo chini ya mapaja.

"Sitasema mengi," alianza Asiku. "Tulikupa binti. Umemwacha. Ana alama shingoni, mnaona jinsi alivyojifunga, hata mimi mzee nina macho. Una neno?"

"Sina, baba."

"Hubishi?"

"Sibishi. Mchukueni. Yeye hana kosa hata moja."

Mzee Celestino aligeukia mwanawe. "Wewe! Hata hujitetei? Ulipigana na nani huko, kama hapa kwako umeshindwa kufungua mdomo?"

Aliga aliibana mikono zaidi chini ya mapaja.

"Basi," alisema Asiku. "Mwanangu, ingia jikoni. Chukua mwiko wako."

Scovia alisimama. Aliingia jikoni kwa mama mkwe, akatoka nao mkononi, mwiko wa mti mweusi, umelika upande mmoja kwa kusonga enya, ugali wa kwao, miaka minane. Watu wa Adumi wakaanza kuinuka. Lakini hakwenda upande wao. Alisimama mbele ya kigoda.

"Kabla sijavuka," alisema, "nina swali. Baba Lillian, kwa nini unamwita kaka yangu usingizini?"

Mzee Celestino aliacha kutafuna kijiti chake.

"Nani amekuambia?"

"Kuna aliyekusikia. Unasema, 'Nimeamka, Afedra.' Tulizika sanduku. Hatukufungua. Mama yangu amekufa anauliza mtoto wake alikufaje, na wewe ulikuwepo, ulikula chakula chake siku ya matanga, hukusema. Nataka nikivuka, nivuke nimejua."

Aliga alitazama ardhi. Aliposema, alisema haraka, bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma ripoti.

"Tulikuwa hatujalala siku tatu. Alfajiri ile zamu ilikuwa yangu. Ya kulinda, mimi. Afedra alilala, na wengine wanne. Nikasema nifunge macho kidogo tu. Nikalala. Yeye ndiye aliyeamka akawaona maadui wanakuja, wako karibu. Hakuweza kuita, wangesikia. Akatambaa mpaka kwangu. Akaniwekea mkono begani, hivi, kuniamsha. Nikafungua macho, nikamwona. Wakampiga risasi hapo hapo. Mkono wake haukutoka begani kwangu. Tulipigana mpaka jua likapanda, na mkono bado uko begani."

Akavuta pumzi.

"Zamu ilikuwa yangu. Nililala. Ndiyo maana sikusema. Ndiyo maana mtu akinigusa bega..."

Asiku alisimama polepole. Kofia ilianguka, hakuiokota.

"Ulilala," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mtoto wangu alikufa kwa sababu wewe ulilala. Na ukaja nyumbani kwangu ukala. Ukaendelea kulala na binti yangu." Mzee alikuwa anatembea kuelekea kigoda, na hakuna aliyethubutu kumzuia. "Simama. Simama nikuone!"

Wakati huo huo, ng'ambo ya kijito, moto uliingia kwenye mianzi.

Ambaye hajasikia mwanzi mbichi ukipasuka motoni amshukuru Mungu. Ulipasuka mmoja, pa! Halafu mitatu. Halafu kichaka kizima kikalipuka kwa mfululizo, pa-pa-pa-pa, mwangwi ukarudi kutoka mlimani.

Aliga hakuwa tena kwenye kigoda. Alimrukia Asiku kifuani, wakaanguka wote wawili, akamlalia juu kwa mwili wake wote, kiganja kimemziba mzee mdomo na pua, uso wa mzee umebanwa kwenye vumbi.

"Lala chini! Afedra, lala chini! Nimeamka! Nimeamka, ndugu yangu, nimeamka, usinyanyuke!"

Miguu ya mzee ilikuwa inapigapiga ardhi. Wanawake walipiga yowe. Vijana wa Adumi wakashika fimbo na mchi.

"Anamwua mzee! Mpigeni!"

"MSIMGUSE!" Scovia alikuwa amefika kabla yao, mwiko juu, na kijana wa kwanza aliyekaribia aliupata mkononi. "Mkimgusa atamvunja shingo! Rudini nyuma! Rudini!"

Wakasita. Scovia akazunguka, akasimama upande wa miguu ya mumewe, hatua tatu, mahali ambapo Rosine angesimama. Koo lilimuuma. Mbele yake alikuwa baba mkwe, mama mkwe, mashemeji, mji mzima wa mumewe. Akafungua mdomo.

"Aliga!"

Mwanamke mmoja alijiziba uso kwa kanga.

"Aliga! Sajini Aliga, mwana wa Celestino! Amka! Uko Lurujo, nyumbani kwenu! Ni mianzi inayoungua, ni shamba la jirani! Mimi ni Scovia, mke wako, niko hapa miguuni kwako! Aliga! Zamu imekwisha! Aliga!"

Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya nne mabega yalitetemeka. Mara ya saba, au ya nane, nani alikuwa anahesabu, mkono wake ulitoka mdomoni mwa mzee, akajiviringisha pembeni, akalala chali, anatazama mbingu iliyojaa moshi.

"Mama Lillian," alisema. "Nimemwua nani?"

"Hujaua mtu."

Asiku alikuwa amekaa, anatema mchanga, anakohoa, machozi na kamasi vimechanganyika na vumbi. Vijana walitaka kumwinua, akawapiga mikono. Alimtazama Aliga mpaka mianzi ikaacha kulia.

"Ameniita Afedra," alisema.

Akatema mchanga tena.

"Amenilalia juu kunikinga risasi." Akajipangusa mdomo. "Wewe kijana. Alisema neno? Mwanangu, kabla?"

"Hakusema, baba. Mkono tu."

"Mkono tu."

Mzee alitafuta kofia yake, akaipata, akashindwa kuivaa, ikabaki mkononi.

"Leo usiniombe msamaha, sina," alisema. "Pengine sitakuwa nao kesho. Lakini nimewalea watoto wawili nikiwa nimelala usingizi mzuri, na vijana hawa huko vitani walikaa siku tatu bila kulala." Akamgeukia Scovia. "Huo mwiko. Mimi ndiye niliyekuambia uutoe. Mdomo wangu umejaa mchanga, siwezi kusema neno la pili. Amua mwenyewe."

Scovia alimwangalia mumewe pale chini. Hakumshika mkono. Alijua sasa kwamba hatamshika, labda mwaka mzima, labda zaidi. Alipita katikati ya viti, mbele ya mama mkwe aliyekuwa bado ameziba uso kwa aibu ya lile jina, akaingia jikoni. Walisikia mwiko ukigonga chungu.

* * *

Jumatatu Scovia alimpeleka wodi ya akili katika hospitali kubwa ya Arua. Dokta aliuliza, Aliga akajibu kwa "ndiyo" na "hapana", akapewa dawa na tarehe ya kurudi, na kuambiwa itakuwa safari ndefu. Kati ya wengine waliokuwa wamekaa kwenye benchi la kusubiri, wawili walikuwa na buti za jeshi. Hawakusalimiana. Walisogea tu, wakampa nafasi.

Jambo hili halikuisha kama unavyochomoa mwiba. Kuna wiki nzuri, kuna wiki ambazo Ruqaiya anashona kola zote peke yake na haulizi. Wanalala vyumba viwili. Kufuli alikuja nayo kutoka kwa Rosine, na kila anapoingia kulala Aliga anampa mkewe funguo, naye anafunga, na roho inamuuma kila kufuli inapolia. Akitaka kumwamsha anasimama mlangoni na kumwita kwa jina lake, kwa sauti, majirani wanasikia. Kuna wanaosema binti wa Adumi hana adabu. Wamwambie wakija kulala humo.

Mwezi wa nne, mchana mmoja wa mvua, Scovia alisikia mtu anapangusa miguu barazani. Alikuwa Asiku, amelowa, ana mfuko wa karanga.

"Baba mdogo! Hukusema kama unakuja."

"Ningesema, ningeghairi njiani." Alimpa Lillian karanga, akatazama mlango wa chumba cha pili. Kufuli. "Yumo?"

"Amelala. Jana hakupata usingizi kabisa. Ngoja nimwite, ila usimsogelee, baba mdogo, usimguse..."

"Usimwite."

Mzee alivuta kiti cha mbao mpaka kwenye ule mlango. Alinyoosha kiganja.

"Nipe funguo."

Scovia alisita, akampa. Asiku alifungua kufuli, akaitoa kabisa, akaiweka sakafuni kando ya mguu wake. Mlango aliuacha wazi upana wa mkono. Ndani ilisikika pumzi ya mtu, nzito, inapanda na kushuka. Mzee akakaa kitini, mgongo kwa mlango, uso nje kwenye mvua, fimbo magotini.

"Baba mdogo, unafanya nini?"

"Mwache alale," alisema Asiku. "Zamu hii ni yangu."